Barua ya wazi kwa mlezi wa timu yetu: tunaomba gari la Jumamosi

Mheshimiwa Mlezi,

Salamu kutoka kambini. Nakuandikia hadharani kwa sababu barua mbili nilizoleta ofisini kwako zilipokelewa, zikagongwa muhuri, na mpaka leo sijaitwa. Simu nazo hazipokelewi. Nakuheshimu, wewe ni kiongozi wetu, ila nitasema yaliyo moyoni maana tangu Ijumaa sijapata usingizi.

Mimi ndiye ninayewapikia vijana tangu kambi ilipofunguliwa. Unanikumbuka. Siku ulipokuja kutupongeza kwa kupanda daraja ulikaa pale kwangu chini ya mkorosho, ukala ugali wa muhogo na kisamvu, ukaomba uongezewe ming'oko. Ulipomaliza ukanawa, ukasimama mbele ya watu wote ukasema wachezaji kazi yao ni kucheza mpira, habari ya chakula na usafiri tukuachie wewe. Nilipiga vigelegele mpaka sauti ikakauka. Kesho yake nikanunua daftari, nikaandika juu yake "Timu".

Daftari lile limejaa, sasa niko kwenye la pili. Vijana 24, mara tatu kwa siku. Unga nakopa kwa mwenye mashine, samaki nakopa kwa kina mama wanaoleta kutoka Msimbati, mkaa nakopa. Mwezi wa pili nilichukua mkopo kwenye kikoba kwa jina langu, nikawaambia wenzangu Mheshimiwa ameahidi, hela inakuja. Sasa hivi siku ya kikao naona aibu kwenda. Wananiita Mama Timu. Zamani nilikuwa nalifurahia jina hilo.

Lakini sikuandika kwa ajili ya deni langu. Nimeandika kwa ajili ya Ijumaa.

Jumamosi tulikuwa na mechi Songea. Kutoka Mtwara mjini mpaka Songea ni zaidi ya kilomita 600, unapita Masasi, unapita Tunduru, huwezi kuondoka asubuhi ya mechi ukafika ukacheza. Ilibidi waondoke Ijumaa saa kumi alfajiri. Msaidizi wako alimwambia katibu wetu kwamba gari limelipiwa. Usiku ule sikulala, nilichemsha mayai 60, nikapika chapati, nikafunga kila kitu kwenye ndoo mbili zenye mifuniko ili wasinunue chakula njiani.

Saa kumi tuko stendi. Saa kumi na mbili tuko stendi. Jua likatoka. Mwenye Kosta alipokuja alikuja kwa bodaboda, mikono mitupu, akasema hajapewa hata nusu ya malipo ya awali, na safari ya nyuma bado anadai. Sikumlaumu, naye ana mafuta ya kununua. Katibu akapiga simu kwako, kwa msaidizi wako, kwako tena. Saa nne kipa wetu akaanza kuvua soksi za safari, akazikunja taratibu akazirudisha begini. Hakusema neno. Nikafungua ndoo, nikawagawia mayai palepale stendi, wakala wamesimama, wamevaa traksuti walizochangiwa na wauza korosho. Abiria wa mabasi mengine wanatuangalia. Kijana mmoja mdogo, winga, aliuza simu yake mwezi uliopita ili alipie nauli ya kwenda kumzika bibi yake na kurudi kambini asikose mechi. Huyo alikaa juu ya begi akalia.

Wenyeji walipewa pointi tatu na mabao matatu ya mezani. Hatukufungwa, Mheshimiwa. Hatukupelekwa.

Huu ni msimu wetu wa kwanza kwenye ligi ya namna hii, na watu wanasema timu changa lazima ziteseke. Sawa, tumekubali kuteseka. Posho ya wachezaji imekosekana miezi mitatu na hawajagoma. Wanafanya mazoezi kwenye mchanga, wanafua jezi wenyewe na kuzianika kwenye uzio wa kambi. Lakini jirani zetu wa Ruangwa, timu ya Namungo, walipanda Ligi Kuu msimu wa 2019/20, na msimu huohuo wa kwanza Namungo ikafika fainali ya Kombe la Shirikisho la hapa nyumbani, ikafungwa na Simba 2-1 kule Sumbawanga. Msimu uliofuata ikacheza makundi ya Kombe la Shirikisho Afrika. Ni watu wa Kusini kama sisi, wanalima korosho na ufuta kama sisi. Na sisi Mtwara tulikuwa na timu ya Ndanda, ilipanda Ligi Kuu mwaka 2014, ikashuka 2020, na uwanja wetu wa Nangwanda ukabaki kimya siku ambazo ulikuwa ukijaa. Wazee wakiiona timu yetu wanaiombea isiende njia hiyo.

Sijui hela imekwama wapi. Wakulima wengine hapa wanasema walikubali kukatwa kidogo kwenye kila kilo ya korosho kwa ajili ya timu, na makato wameyaona kwenye malipo yao. Wengine wanasema uchaguzi umepita, kwa hiyo hamu nayo imepita. Mimi nadhani labda hela ipo na anayetakiwa kusaini hasaini. Nadhani tu, sina ushahidi. Wewe ndiye unayejua, na ndiyo maana nakuuliza wewe. Kama hela haipo, tuambie haipo. Tutapitisha bakuli sokoni, tutauza chapati, tutajua la kufanya. Kinachotuua ni kuambiwa gari limelipiwa.

Nilitaka kuandika mambo mengi. Posho, matibabu ya beki wetu aliyeumia goti na sasa anajifunga kitambaa, magodoro, deni la kikoba. Yote hayo nayaacha. Nakuomba jambo moja, gari la Jumamosi ijayo. Zimebaki mechi mbili na zote mbili ni za ugenini. Tusipofika tena, kanuni hazitatuangalia usoni, na kazi yote ya mwaka mzima itaishia mezani.

Gari, Mheshimiwa. Liwe bovu, liwe la mizigo lenye turubai, vijana wameniambia watapanda. Likifika stendi Alhamisi usiku, dereva atalala kwangu, atakula kwangu, simdai kitu. Mayai nitachemsha tena.

Ni mimi,
Mpishi wa kambi, Mtwara