Wembamba si Kinga Dhidi ya Sukari

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie imani iliyojengeka miongoni mwetu wakazi wa Dar es Salaam, kwamba sukari ni adui wa wanene peke yao. Wiki iliyopita, katika kibanda cha chai karibu na soko la Buguruni, nilimshuhudia dereva wa bodaboda, mwembamba kama ufito, akitia vijiko vinne vya sukari katika kikombe kimoja cha chai ya rangi, huku akimtania mwenzake mwenye kitambi aliyeagiza chai isiyo na sukari: "Kaka, hiyo ni adhabu yako. Mimi mwili wangu hauna pa kuiweka."

Nilicheka, lakini pa kuiweka papo. Sukari ya mezani ni glukosi na fruktosi, nusu kwa nusu. Glukosi huingia kwenye misuli kwa msaada wa insulini, homoni inayotolewa na kongosho, ilhali fruktosi nyingi huishia kwenye ini, ambalo likizidiwa huigeuza kuwa mafuta. Mafuta hayo huweza kujificha ndani ya ini lenyewe na kuzunguka viungo vya tumboni, mahali ambapo mizani haipaoni, na ndiyo maana wapo watu wembamba wanaokutwa na ini lenye mafuta au kisukari cha aina ya pili.

Kwa mnene mzigo ni mkubwa zaidi, sipingi. Mafuta yaliyokwisha kujaa hufanya misuli na ini visiitikie insulini ipasavyo, hivyo kongosho hulazimika kuitoa kwa wingi ili kuondoa sukari ileile kwenye damu, na kwa baadhi ya watu, baada ya miaka, huelemewa.

Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2015, halikumtenga mwembamba. Sukari inayoongezwa kwenye vyakula na vinywaji, pamoja na ile ya asali na juisi, isizidi asilimia 10 ya nishati ya siku, na ni bora zaidi ikiwa chini ya asilimia 5, yaani takriban gramu 25, au vijiko sita vya chai. Dereva yule alikwishamaliza vinne kabla ya saa mbili asubuhi, na soda ya mililita 350 ingemwongezea karibu tisa.

Mimi mwenyewe si mnene. Nilipokwenda zahanati mwezi uliopita nilipimwa uzito, nikapongezwa, nikaambiwa niende zangu; kipimo cha sukari nilikipata kwa kukiomba.

Msomaji wako,
Tabata, Dar es Salaam