Kaka, kuhusu ile picha uliyoigeuza ukutani

Kaka yangu,

Tangu hitima ya Mama hatujazungumza ila kwa salamu za sikukuu, na kwa kuwa simu zangu hupokei, nimeona niandike hapa. Sebule ilikuwa imejaa watu, nawe ukaishika ile picha niliyomletea Mama, ukaigeuza uso ukutani, ukasema mbele ya wote kwamba kunakili ni wizi, na kwamba mtu aliyezaliwa Tanga hana haja ya kunakili bahari ya Wajerumani. Hukuniuliza niliinakili kwa nini.

Ile ni nakala ya kazi ya Karl Schmidt-Rottluff, aliyoichora mwaka 1910 huko Dangast, kijiji cha pwani ya Bahari ya Kaskazini, akionyesha tuta la kuzuia maji lililobomoka. Ya asili iko Brücke-Museum, hapahapa Berlin ninapoishi. Ardhi yake ni nyekundu kali, na najua ni wekundu huo uliokuudhi. Lakini yeye na wenzake wa kikundi cha Die Brücke, kilichoundwa Dresden mwaka 1905, hawakutaka kuonyesha udongo kama jicho linavyouona. Walitaka rangi ibebe kile walichokihisi.

Hayo mtu huyaelewa akiwa ameshika brashi. Ukiipoza nyekundu ile kwa kahawia kidogo, bluu iliyo jirani yake inazimika papo hapo. Ukiiweka tupu, kama inavyotoka kwenye tyubu, bluu inawaka. Mchoraji huyo aliizimua rangi ya mafuta mpaka ikawa nyepesi, akaipaka upesi, akaacha vipande vya turubai vikiwa wazi kati ya mpako mmoja na mwingine, na anayemfuatisha hulazimika kujifunza mahali pa kuinua mkono. Somo hilo sikulipata kwa miaka yote niliyochora ngalawa za Raskazone, ingawa rangi zangu za kwanza ulininunulia wewe, kwa pesa ulizokuwa umejiwekea viatu, na jambo hilo silisahau.

Ndiyo maana nakusihi usimkataze mwanao kunakili. Jumba la makumbusho la Louvre, huko Paris, limeruhusu wanaonakili tangu lilipofunguliwa mwaka 1793, kwa sharti kwamba nakala isilingane ukubwa na picha ya asili. Yangu ni ndogo kuliko ya asili, nyuma yake nimeandika jina la mwenyewe na langu, wala sijawahi kuiuza. Sasa wizi ulioutaja uko wapi? Tena hao Wajerumani walijifunza kwa vinyago vya Afrika na vya visiwa vya Pasifiki walivyovikuta katika makumbusho ya Dresden. Ungelijua hilo, usingeniaibisha siku ya kumsomea Mama.

Kama bado umeiacha vilevile, nakuomba uigeuze, hata kama hutaki kuitazama. Mafuta ya kitani yaliyomo ndani ya rangi yakikosa mwanga huingia umanjano, na bluu ile itaelekea kijani bure. Iweke mbali na jua kali na moshi wa jikoni. Vanishi usiipake, hata fundi akikushauri, kwa sababu rangi ya mafuta hukauka kwa kushika hewa taratibu, na penye unene huhitaji miezi sita hadi mwaka mzima. Nikija nitaipaka mwenyewe, na ningependa uwe umekaa karibu wakati huo.

Mdogo wako