Jua letu halihitaji tundu la ozoni ili kuchoma

Kwa Mhariri,

Kila Machi jua linapokaza kabla ya masika, hurudi ule ujumbe wa WhatsApp kwamba tabaka la ozoni, ile gesi ya juu angani inayochuja miale ya jua inayochoma, limetoboka juu ya Afrika Mashariki na ndiyo maana ngozi zinaungua. Wanafunzi wangu huniletea darasani wakiwa na uhakika nao. Wazazi wao pia. Naomba nafasi niupinge, maana kosa hili lina watu linaowaumiza.

Tundu la ozoni lipo, ila liko Antaktika, bara la barafu kwenye ncha ya kusini ya dunia. Walioligundua ni Waingereza watatu, Joe Farman, Brian Gardiner na Jonathan Shanklin, waliotoa matokeo yao mwaka 1985 kutokana na vipimo vya kituo cha utafiti cha Halley kilichoko huko. Hufunguka majira ya kuchipua ya huko, kuanzia Agosti na Septemba, na kwa kawaida huziba kabla mwaka haujaisha. Chanzo chake ni klorini iliyotoka kwenye gesi za friji na za makopo ya kupulizia. Lakini ili klorini hiyo iitafune ozoni kwa kasi ile, panahitajika baridi kali mno na mawingu ya barafu yanayojiunda juu sana angani wakati wa giza refu la kipupwe. Ikweta haina giza hilo. Katika ukanda wetu wa tropiki ozoni haikupungua sana hata uharibifu ulipokuwa kileleni.

Na hata kule kusini mambo yanaelekea kuwa mazuri. Mkataba wa Montreal, unaopiga marufuku kemikali zinazoharibu ozoni, ulitiwa saini tarehe 16 Septemba 1987, na sekretarieti yake iko hapa Nairobi, Gigiri, jambo ambalo Wakenya wengi hawalijui. Tathmini ya wanasayansi ya mwaka 2022 ilionyesha kuwa karibu asilimia 99 ya kemikali zilizopigwa marufuku zimeshaondolewa sokoni, na kwamba ozoni inatarajiwa kurudia kiwango cha 1980 kufikia takriban 2040 sehemu kubwa ya dunia, na takriban 2066 juu ya Antaktika. Fundi wa friji anayefungulia gesi kuukuu ipotelee hewani bado anafanya kosa, sikatai. Ila siye anayewaunguza watu Machi.

Kinachotuunguza ni mahali tulipo. Ozoni yote iliyo juu ya kichwa chako ingekandamizwa hadi usawa wa bahari ingekuwa tabaka la milimita tatu hivi. Kwetu tropiki huwa pungufu kidogo ya hapo, na ndivyo ilivyokuwa hata kabla friji hazijabuniwa. Juu ya hilo, jua la mchana hapa hutupiga utosini, kwa hiyo miale ya urujuanimno, ile isiyoonekana inayounguza ngozi, hupita njia fupi angani na haichujwi sana. Ongeza mwinuko: kila ukipanda mita 1,000, miale hiyo huzidi kwa karibu asilimia 10. Nyahururu, ninakofundisha, iko ikweta na iko zaidi ya mita 2,300. Hesabu mwenyewe.

Hapo ndipo watu wa nyanda za juu tunapojidanganya. Joto tunalolisikia silo linalochoma ngozi. Miale ya urujuanimno haina joto la kukuonya, na mawingu mepesi hayaizuii sana. Utamwona mtu wa huku saa saba mchana amevaa koti zito kwa baridi, uso wake ukiwa wazi kwa miale mikali kuliko ya Mombasa. Kipimo rahisi ni kivuli chako: kikiwa kifupi kuliko wewe, jua ni kali, hata kama unatetemeka.

Sisi wenye ngozi nyeusi melanini, yaani rangi asilia ya ngozi, hutusaidia, japo haikingi macho na mtoto wa jicho. Ndugu zetu wenye ualbino hawana kinga hiyo, na saratani ya ngozi huwaondoa wengi wao mapema. Kwao hadithi ya ozoni ni hatari, kwani humfanya mwalimu mkuu aone kuungua kwa mtoto ni balaa la dunia lisilomhusu. Nimeshuhudia mtoto mwenye ualbino akiamriwa avue kofia gwarideni kwa sababu si sehemu ya sare. Nimeona pia vipindi vya michezo vikipangwa saa nane mchana, na yeye akiitwa mvivu kwa kukaa chini ya mti.

Losheni ya kuzuia jua ni muhimu, na serikali yetu huigawa bure kwa watu wenye ualbino kupitia Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu. Kule Moshi, ng'ambo ya mpaka, katika hospitali ya KCMC, hutengenezwa losheni maalumu kwa ajili yao, na ningependa nasi tuwe na kiwanda kama hicho. Lakini mtu mzima huhitaji takriban mililita 30 kujipaka mwili mzima, tena arudie kila baada ya saa mbili akiwa nje. Chupa haikai. Kwa hiyo nguo hutangulia: mikono mirefu, sketi au suruali ndefu, na kofia ya pama inayofunika masikio na shingo.

Ninaiomba Wizara ya Elimu itoe waraka mfupi kwa shule zote. Mtoto mwenye ualbino aruhusiwe kofia na mikono mirefu popote, gwarideni na kwenye mtihani, bila kubembeleza. Gwaride na michezo visiwekwe kati ya saa nne asubuhi na saa kumi alasiri, kwa watoto wote. Na losheni ifike hadi zahanati za vijijini, ili mzazi asilazimike kutafuta nauli ya kwenda mjini kila chupa inapokauka.

Mwalimu wa Jiografia,
Nyahururu