Punda Asife, na Mzigo Ufike

Mwanangu mpenzi,

Assalaam alaykum. Jumatatu unaanza kazi kwenye kituo cha punda hapo Lamu, nami nimeona nikuandikie mapema, maana wiki ya kwanza utaambiwa mengi kwa haraka na mengine yatakupita.

Kituo hicho kipo tangu 1987, chini ya The Donkey Sanctuary, shirika ambalo Elisabeth Svendsen aliliasisi Uingereza mwaka 1969. Matibabu ni bure, na hiyo ndiyo siri yake kubwa: mwenye punda haogopi kuja. Vichochoro vya mji wetu havipitiki kwa gari, kwa hiyo jiwe la matumbawe, mchanga, simiti na boriti vyote hufika kwa mgongo wa punda au kwa nguvu za hamali. Anayekuletea punda mwenye kidonda, basi, usimtazame kama mkatili. Mara nyingi ni mtu ambaye chakula cha watoto wake kinategemea mnyama huyohuyo. Amelelewa na ule msemo, "punda afe, mzigo wa tajiri ufike," na kazi yako ni kumwonyesha, bila kumvunjia heshima, kwamba punda akifa hakuna mzigo utakaofika tena.

Anza na hesabu, kwa sababu hesabu haimtukani mtu. Punda wetu wengi wana kilo kati ya 120 na 160. Mzigo wa mgongoni usizidi theluthi moja ya uzito wake, yaani punda wa kilo 150 abebe kilo 50, sawa na mfuko mmoja wa simiti. Wengi hupakia miwili. Mchanga ndio unaodanganya zaidi: ndoo ya lita 20 iliyojaa mchanga mbichi hupita kilo 30, kwa hiyo ndoo mbili, moja kila upande, tayari ni zaidi ya kilo 60, na mwenyewe anaona ni ndoo mbili tu. Mwambie ajaze nusu na kitu kidogo, aongeze safari. Halafu mpimie punda wake palepale: utepe unazunguka kifua nyuma kidogo ya miguu ya mbele, unasoma sentimita, unalinganisha na jedwali la kituo. Mtu akishajua uzito wa punda wake mwenyewe, hasahau.

Kidonda cha mgongo ndicho utakachokiona kuliko vyote. Usikimbilie dawa. Kwanza uliza matandiko yako wapi, yalete tuyaone. Mara nyingi utakuta gunia moja jembamba la nailoni limelala moja kwa moja juu ya uti wa mgongo. Nailoni hainywi jasho. Ngozi hulainika, chumvi na mchanga husugua, na baada ya siku chache nyama iko nje. Matandiko mazuri ni mito miwili minene, kila mmoja upande wake, iliyojazwa majani makavu laini na kufunikwa kitambaa cha pamba, na katikati pabaki mfereji ili uti wa mgongo usiguswe na chochote. Shogi, yaani kikapu cha pande mbili cha kubebea mizigo, ikae juu ya mito hiyo, mizigo ya pande mbili iwe sawa. Upande mmoja ukizidi, mtandiko huteleza na kuchuna mabega. Angalia pia chini ya mkia na nyuma ya viwiko, mahali kamba nyembamba zinapokata. Kamba ipanuliwe kwa kitambaa, na hicho kitambaa kifuliwe.

Kisha ndiyo kidonda. Nyoa manyoya pembeni yake. Chemsha maji, yaache yapoe, tia chumvi kijiko kimoja cha chai kwa kila nusu lita, uyasukume kwa bomba la sindano hadi uchafu wote utoke. Ukitumia ayodini, izimue mpaka iwe na rangi ya chai ya mkandaa iliyoongezwa maji. Kali kuliko hapo inaunguza nyama mpya inayojaribu kuota. Utakuta watu wamepaka oili chafu ya injini, majivu, hata maji ya betri. Yote hayo huua nyama hai, na kidonda kinachukua muda mrefu zaidi. Lakini dawa iliyo bora kuliko zote ni mapumziko, na hapo ndipo mwenye punda atakapobisha. Kidonda kinachopakiwa kila asubuhi hakiponi hata ukikiosha kwa zamzam. Mwonyeshe jinsi ya kukiosha, mpe maji ya chumvi akioshe yeye huku wewe umeshika hatamu. Mkono uliokwisha kuosha kidonda hufikiri mara mbili kabla ya kufunga kamba juu yake.

Kila kidonda kirefu au cha msumari kikukumbushe pepopunda. Ugonjwa umepewa jina la mnyama huyu, na kweli jamii ya farasi na punda huathirika nao sana. Dalili zake: anatembea kama meza, miguu haikunjiki, masikio yamesimama, mkia umeinuka, ukiinua kichwa chake ghafla, ngozi ndogo ya kona ya jicho hujitokeza na kufunika mboni. Taya zikishakaza, kumwokoa ni vigumu mno, japo utamweka mahali penye giza na kimya na daktari atafanya awezalo. Chanjo hutolewa mara mbili, zikipishana wiki 4 hadi 6, kisha ya kukumbushia kwa ratiba ya daktari. Hapo ndipo pa kusisitiza, mwanangu.

Kwato ni jambo la subira. Huku kwetu ardhi ni mchanga, kwato hazisuguliki kwenye mawe kama bara, hivyo hurefuka na kupinda kama kiatu cha ncha. Punda anaanza kukanyagia kisigino, na mishipa ya mguu inavutika. Wiki 6 hadi 10, kata. Kabla ya kukata safisha kwa ncha ya chuma kutoka kisigino kwenda mbele, usitoboe ile pembetatu laini ya katikati. Kwato za punda husimama wima kuliko za farasi. Aliyejifunza kwa farasi hukata kisigino mno. Na kama imeachwa ikarefuka sana, usirudishe umbo kwa siku moja. Punguza kidogo, rudia baada ya wiki chache, la sivyo atachechemea kwa kosa lako.

Sasa sikiliza hili, maana limewaponyoka wengi. Punda huficha maumivu. Farasi akiumwa tumbo hugaragara, punda husimama tu, kichwa chini, masikio yamelegea, na mwenyewe atakwambia "amechoka." Punda asiyekula ni dharura, si uchovu. Akikaa na njaa, mafuta ya mwilini huyeyuka na kumiminika kwenye damu hadi damu inakuwa na utando kama maziwa, kisha ini na figo zinashindwa. Wanene na wenye mimba ndio walio hatarini zaidi. Pima mara moja: joto lizunguke nyuzi 37, moyo upige kama mara 44 kwa dakika, pumzi kama 20. Weka sikio ubavuni. Tumbo lililo kimya kabisa si salama. Wengi wao huokota chakula kwenye majaa, na mifuko ya plastiki na kamba za nailoni husokotana tumboni hadi njia inaziba. Kenya ilipiga marufuku mifuko ile Agosti 2017, lakini kamba na vifungashio vingine bado vimejaa kwenye taka. Uliza anakula wapi, anakunywa nini. Punda anataka maji safi lita 10 hadi 25 kwa siku, na zaidi akifanya kazi juani. Maji machafu au ya chumvi anayakataa, na watu hudhani hana kiu.

Watoto wa shule wakija, watasema punda ni mkaidi. Waeleze kwamba mnyama huyu akiogopa hakimbii, husimama apime hatari. Fimbo humwongezea sababu ya kusimama. Ukimpa dakika moja atazame mfereji au ngazi, kwa kawaida atavuka mwenyewe. Waache wamguse shingoni, si usoni kwanza, wala wasimwendee kwa nyuma.

Utasikia pia habari za ngozi, zinazopelekwa China kutengenezea dawa. Februari 2024 wakuu wa nchi za Umoja wa Afrika walikubaliana kuzuia uchinjaji wa punda kwa ajili ya ngozi kwa miaka 15. Punda akiibwa, familia inapoteza gari lake, kwa hiyo wahimize wawafunge karibu na nyumba usiku.

Jike mwenye mimba, inayochukua takriban miezi 12, asipakiwe miezi mitatu ya mwisho. Mwana-punda asibebeshwe kitu kabla ya miaka 4, mifupa yake haijakomaa.

Na la mwisho. Punda huwa na rafiki mmoja, wanaolala pamoja na kukunana shingo. Ukimlaza mmoja kituoni, mlete na mwenzake hata kama ni mzima, kwa sababu peke yake ataacha kula, na nimekwisha kukwambia njaa inamfanya nini. Mmoja akifa, msiondoe maiti haraka. Mwachie aliyebaki amnuse, amzunguke, saa nzima ikibidi, hadi atakapoondoka mwenyewe. Maiti ikiburutwa kabla ya hapo, aliyebaki atalia na kumtafuta mwenzake kwa siku kadhaa. Kisha siku zinazofuata mwangalie chakulani asubuhi na jioni, uandike amekula kiasi gani.

Nitumie ujumbe ukishapata ratiba ya zamu.

Mamako