Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama: Wimbi Zima Ndani ya Picha

Ndugu wanachama,

Kwa niaba ya kamati ya utendaji nawakaribisha kwenye mkutano mkuu wa mwaka wa chama chetu cha wapiga filamu za kuteleza mawimbini kwa ubao, ninyi mliofika ukumbini na wenzetu wanaotufuatilia mtandaoni. Hesabu zimekwisha kukaguliwa na mweka hazina atazisoma mwenyewe baada yangu. Katibu anayo orodha ya wanachama wapya. Wengi ni vijana ambao hawajawahi kushika mkanda wa filamu wala kaseti, na tunawapokea kwa moyo mkunjufu. Semina zote tulizopanga zimefanyika isipokuwa ile ya droni, iliyoahirishwa kwa sababu ya upepo.

Muda uliobaki naomba niutumie kwa jambo lililotawala vikao vyetu mwaka mzima, nalo ni video ya ubora wa juu mtandaoni na namna inavyobadilisha kazi yetu ya kupiga na kusambaza filamu za kuteleza mawimbini.

Wanachama wapya huuliza kwa nini wazee wa chama hiki hupiga picha kwa ubahili. Sababu ni malezi. Mwaka 1953 mpiga filamu Bud Browne alipoonyesha filamu yake ya kwanza ya mawimbi ya Hawaii, aliionyesha katika ukumbi wa shule huko Santa Monica, California, na maelezo akayatoa kwa mdomo wake huku projekta ikizunguka. Waliomfuata walifanya vivyo hivyo: unapiga mwenyewe, unahariri mwenyewe, unabandika matangazo ukutani, kisha unasafiri na filamu yako mji kwa mji. Mmoja wao, John Severson, alichapisha kijarida mwaka 1960 ili kuitangaza filamu yake. Kijarida hicho ndicho kilichokuja kuwa Surfer, jarida lililodumu miaka 60. Rili moja ya filamu ya milimita 16 yenye urefu wa futi 100, kwa fremu (picha moja moja) 24 kwa sekunde, ilikwisha kabla ya dakika 3. Hukuthubutu kubonyeza kitufe mpaka uone mtelezaji amesimama juu ya ubao, na kama ulikosea mwanga ulijua baada ya filamu kurudi kutoka kusafishwa.

Ilipokuja video ya kaseti, na baadaye DVD, ubahili ule ulipungua lakini tukapoteza kitu kingine. Picha ya zama hizo ilikuwa na mistari 480 au 576 tu inayoonekana. Ukipiga kwa upana, mtelezaji alikuwa doa. Miguu yake huioni, mapezi ya ubao huyaoni. Kwa hiyo sote tulivuta lenzi karibu. Miaka mingi ya filamu zetu imejaa magoti, mikono na maji yanayoruka, na hujui wimbi lenyewe lilikuwa na umbo gani, lilianzia wapi wala lilikuwa linaelekea wapi. Kwangu mimi hiyo ni hasara kubwa, kwa sababu ufundi wa mtelezaji hauonekani bila kuona maji yaliyo mbele yake.

Hapo ndipo ninapoona mabadiliko ya kweli ya miaka hii. Mwaka 2007 tovuti ya video ya Vimeo ilianza kupokea video za pikseli (nukta za picha) 1280 kwa 720. YouTube ikafuata mwaka 2008, na mwaka 2009 ikafikia 1920 kwa 1080, tunayoiita 1080 kwa kifupi. Katika muda huohuo, mwaka 2008, Canon ilitoa 5D Mark II, kamera ya picha za mnato iliyopiga video ya 1080 kwa lenzi zilezile tulizokuwa nazo kabatini. Mwaka uliofuata GoPro, kampuni iliyoanzishwa na Nick Woodman, mtelezaji aliyetaka kujipiga picha akiwa majini, ilitoa kamera yake ndogo ya ubora wa juu. Fremu moja ya 1080 ina pikseli zaidi ya milioni 2, na ya 4K, ngazi ya ubora iliyo juu yake, ina mara nne ya hizo. Ghafla tuliweza kurudi nyuma ufukweni, kuacha wimbi zima liingie kwenye picha, na bado mtazamaji akaona kidole cha mguu kikibana ukingo wa ubao. Video ya ubora wa juu imeturudishia wimbi.

Wengi wenu mnakumbuka George Greenough, mtelezaji na mpiga filamu aliyebeba mgongoni kamera ya milimita 16 ndani ya kasha zito lisiloingiza maji ili atuonyeshe kutoka ndani handaki la wimbi, yaani uwazi unaobaki wimbi linapojikunja. Leo kijana anaibana kamera kwa meno, anaingia handakini akiwa na mikono yote miwili huru, na jioni ileile watu wa mabara mengine wanaona pazia la maji likishuka mbele ya uso wake. Nimeona katika vikao vyetu baadhi ya wanachama wakibeza picha hizo kwamba ni rahisi mno. Siafikiani nao. Handaki halijawa rahisi.

Sasa niingie kwenye yale yaliyotusumbua. Malalamiko yaliyofika mezani kwa katibu mara nyingi kuliko mengine ni haya: video inang'aa kwenye kompyuta ya mhariri, ikipandishwa mtandaoni povu linageuka vijiboksi. Semina ya uhariri ililichukua suala hili kwa uzito. Tulipiga wimbi moja kwa kamera moja, tukatoa nakala kadhaa zilizobanwa kwa viwango tofauti, tukazipandisha zote na kuzitazama pamoja kwenye skrini kubwa. Kwenye uso laini wa wimbi kabla halijavunjika, nakala zote zilifanana. Wimbi lilipovunjika ndipo tofauti ilipojitokeza: katika nakala iliyobanwa sana, povu lilikuwa bamba jeupe lenye miraba, na mtelezaji alipotoka ndani yake kiuno chake kilikuwa kimeyeyuka.

Sababu yake ni hii. Programu ya kubana video huokoa nafasi kwa kulinganisha fremu na fremu jirani, kisha huhifadhi kile kilichobadilika tu. Msomaji wa habari akikaa mezani, ukuta nyuma yake haubadiliki, na kazi huwa nyepesi. Povu halina tone linalobaki mahali pake. Kila fremu ni mpya, mgao wa data unakwisha, na programu inaanza kutupa maelezo. Kwa hiyo aina yetu ya filamu ni miongoni mwa zile ngumu kabisa kubana, na sisi hatuwezi kufuata mazoea ya wapiga video za harusi.

Semina ilitoka na mapendekezo ninayoyaunga mkono. Tumieni stendi ya kamera, kwani kamera inayotikisika hufanya hata anga na mchanga vionekane vimebadilika. Epukeni chengachenga za mwanga hafifu wa alfajiri, maana nazo hula mgao. Msizidishe makali ya picha wakati wa kuhariri. YouTube inapendekeza mgao wa data wa megabiti 8 kwa sekunde kwa video ya 1080 yenye fremu 24 hadi 30, na 12 kwa ile ya fremu 48 hadi 60. Kwa maji, vichukulieni viwango hivyo kuwa sakafu na mpande juu yake kadiri mtandao wenu unavyoruhusu, kwa kuwa YouTube wataibana tena video yenu.

Jambo la pili ni simu. Watazamaji wetu wengi sasa wanatazama video fupi za wima, na baadhi yenu mmeniambia kwamba klipu ya sekunde chache huwafikia watu wengi kuliko filamu mliyoihangaikia msimu mzima. Sina ugomvi na klipu; ndiyo mlango ambao vijana wengi wameingilia kwenye chama hiki. Lakini wimbi hukimbia kwa ubavu, kushoto au kulia. Ukikata picha ya wima kutoka kwenye fremu ya kawaida ya 1080 unabaki na chini ya theluthi moja ya upana wake, na kinachokatwa ni sehemu ya wimbi ambayo mtelezaji anaitazama na kuiamulia. Tunarudi kulekule kwa magoti na maji yanayoruka. Maoni ya kamati ni kwamba mpige kwa upana daima, mkate baadaye kwa ajili ya simu mkitaka, na filamu nzima ipatikane mahali ambapo mtu aliyevutiwa na klipu anaweza kuifikia.

Upana huo una thamani hata nje ya sanaa. Mtelezaji Maya Gabeira wa Brazili alipoteleza kwenye wimbi la Nazaré, Ureno, Februari 2020, wataalamu walipima wimbi lile kwa picha na video, wakilinganisha na urefu wa mwili wake, wakapata futi 73.5, takriban mita 22.4. Kipimo cha namna hiyo hakiwezekani kama mpiga picha hakuliweka bonde na kilele cha wimbi ndani ya fremu moja, au kama nakala iliyobaki ni ile iliyobanwa mpaka kingo zimepotea.

Kuhusu kutaja maeneo tunayopiga picha, jambo linaloweza kuwaleta wageni wengi, mjadala ulikuwa mkali na haujaisha. Mwaka 2008 msomaji mmoja wa jarida la Surfing aliligundua wimbi la Skeleton Bay, Namibia, kwa kupekua picha za Google Earth katika shindano la jarida hilo, na picha za mtelezaji Cory Lopez akipita kwenye mahandaki marefu ya wimbi lile zikaenea duniani kote. Video yenye ubora wa juu inaonyesha miamba, mimea na mstari wa milima nyuma, hata kama hukuandika jina. Kamati inaomba kila mwanachama aongee na watu wa ufukwe husika kabla ya kupandisha, na wakikataa, aheshimu.

Upande wa haki, mwanachama wetu mmoja alikuta klipu yake kwenye ukurasa mkubwa wa mitandao ikiwa imekatwa jina lake na kuongezewa muziki. Baada ya barua kadhaa iliondolewa, lakini watazamaji walikuwa wamekwisha kupita. Katibu ameandaa barua ya mfano ya kudai kuondolewa kwa kazi, na kila mwanachama atapewa. Nasi pia tuwe waadilifu: muziki wa mtu mwingine uombewe ruhusa, kwa sababu mifumo ya kutambua nyimbo inaweza kuizima filamu yako yote kwa ajili ya wimbo mmoja.

La mwisho ni hifadhi. Filamu za zamani za asetati, aina ya plastiki, zinaoza na kutoa harufu ya siki, kaseti zinafifia, lakini hatari ya kizazi hiki ni kudhani kwamba kilichopo mtandaoni kimehifadhiwa. Kilichopo kule ni nakala iliyobanwa. Akaunti ikifungwa au kampuni ikibadili utaratibu, hata hiyo inaondoka. Tumewapoteza wapiga picha wa majini ambao kazi zao zimebaki kwa sura ya vijiboksi peke yake, ilhali picha ghafi, zile za asili kabla ya kubanwa kwa mtandao, ziliondoka na diski iliyokufa.

Kwa hiyo kamati inaleta mbele yenu maazimio mawili ya kupigiwa kura leo. La kwanza, chama kianzishe hifadhi ya picha ghafi yenye nakala zisizopungua tatu, moja ikiwa mbali na nyingine mbili, na kila mwanachama akabidhi mawimbi yake bora ya msimu pamoja na tarehe na jina la mpiga picha. Jina la eneo litafichwa iwapo ataomba. La pili, tupate usiku mmoja kwa mwaka wa kutazama filamu nzima ukumbini, kwa skrini kubwa, kutoka faili za asili.

Ndugu wanachama, naomba kuwasilisha.