Usukani wa daladala usipokezanwe njiani

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu ya barua za wasomaji niseme jambo linaloninyima usingizi. Ninaishi Buhongwa na ninauza dagaa pale Mwaloni, Kirumba, kwa hiyo kila ninapokwenda na kurudi, roho yangu iko mikononi mwa madereva wa daladala. Wengi wao ni waungwana, wananifahamu na ndoo zangu, na biashara ikilala wananipunguzia nauli. Hao siwasemi.

Jioni moja mvua ilikuwa inanyesha na watu wanagombania usafiri. Haisi niliyopanda ilitoka Kirumba na dereva mtu mzima, mtulivu. Tulipofika mjini akasogeza gari pembeni, hakuzima hata injini, akachukua koti lake akashuka. Kijana mmoja aliyekuwa akipiga debe hapo kituoni akapanda, akashika usukani. Abiria hatukuambiwa neno. Konda akagonga bati, tukaondoka.

Nilikuwa siti ya nyuma ya dereva, hivyo niliona kila kitu. Kijana alikuwa anapapasa kutafuta swichi ya waipa. Akawasha taa ya ndani, akaizima, akawasha indiketa, na wakati wote huo kioo cha mbele kimejaa maji na gari linakwenda. Gia zinaingia kwa kukwaruza. Miguuni ana kandambili zilizolowa, zinateleza kwenye pedali.

Tulipofika Igogo ikatokea haisi nyingine ya njia yetu, basi ikawa vita ya kuwahi abiria wa Mkuyuni. Binti wa shule alikuwa amesimama, mgongo ameegemeza kwenye mlango uliofungwa kwa kamba. Nilimshika mkoba nikamvuta, akaja kunikalia mapajani, anatetemeka. Mama mmoja wa nyuma akasema kwa upole, "Mwanangu, punguza mwendo, tuna watoto humu." Konda ndiye aliyejibu: "Mama, kama unaogopa si ungekodi teksi?"

Kabla ya kufika Butimba, gari la mbele likasimama ghafla. Kijana akakanyaga breki, letu likaanza kuyumba huku na huku. Mzee aliyekaa siti ya mbele, Mungu amzidishie umri, akaivuta breki ya mkono kwa mikono yote miwili. Tukageuka ubavu, tukasimama tairi moja likiwa linaning'inia juu ya mtaro. Watu wanalia, kila mmoja anamwita Mungu wake. Tulipopata akili ya kutazama mbele, usukani hauna mtu. Kijana alishafungua mlango na kutokomea gizani. Konda yeye alibaki, na amini usiamini, alitaka ambao hawajalipa walipe.

Sote tunawajua hawa deiwaka, madereva wa kushikishwa gari kwa muda, na tunajua wanatoka wapi. Tajiri, mwenye gari, anataka hesabu yake, yaani fedha za siku, kamili kila siku, iwe mvua iwe jua. Dereva ameamka alfajiri, ikifika jioni amechoka, hesabu imetimia au bado kidogo, anamwachia mwingine gari apige tripu za mwisho. Huyo mwingine hana mkataba wala mshahara, atakachokula usiku huo kiko kwenye tripu hizo mbili tatu. Lazima akimbize. Leseni ya daraja C, ya kubeba abiria, hakuna anayemuuliza, maana trafiki alimkagua dereva wa asubuhi.

Mimi ni mzaliwa wa Ukerewe. Septemba 20, 2018, kivuko cha MV Nyerere kilipinduka kikiwa kimekaribia Ukara na watu 228 wakafa. Uwezo wake ulikuwa abiria 101. Kesho yake Rais John Magufuli alilieleza taifa kwamba nahodha alikuwa amemwachia usukani mtu asiye na mafunzo. Nyumbani kwetu maneno yale hayajasahaulika, na ndiyo yaliyonijia kichwani nilipokuwa nimemkumbatia mtoto wa watu pale pembeni ya mtaro. Kwenye maji tulilia nchi nzima. Kwenye lami jambo lilelile tunaliona kila jioni, tunaliita kutafuta riziki.

Mabasi ya mikoani yamefungwa mfumo wa LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini, wa kufuatilia mwendo, na dereva hutambulishwa na kitufe chake mwenyewe. Kwa daladala za mjini siombi makubwa hivyo. Naomba karatasi yenye picha na jina la dereva wa gari hilo, ibandikwe ndani mahali abiria anapoiona, na kama ni wawili basi picha ziwe mbili. Akikaa asiyekuwemo, tuna haki ya kukataa gari lisiondoke, na nauli tusilipe. Trafiki nao wakague jioni kama wanavyokagua asubuhi. Na tajiri wa gari ashitakiwe pamoja na aliyeendesha, kwa sababu hesabu inapokwenda kwake usiku haulizi imeletwa na nani.

Namba za gari lile ninazo na nimeshazipeleka polisi. Mzee wa siti ya mbele na yule mama aliyekuwa nyuma, kama mnasoma gazeti hili, nendeni mkaandikishe maelezo. Ushahidi wa wengi una nguvu kuliko wa mtu mmoja.

Muuza dagaa,
Buhongwa, Mwanza