Mngojeni akae ndipo mumuamkie: barua kwa vijana wa baraza

Assalaam alaykum wanangu,

Nakuandikieni nyinyi mnaokaa barazani pembeni mwa msikiti, hapa hapa Mji Mkongwe. Baraza hiyo nimeikalia kabla hamjazaliwa, na kelele nimezipiga pia.

Kaka yangu ana Parkinson, maradhi ya ubongo. Si pepo, kama nilivyosikia mkisema. Juzi alasiri alikuwa anatoka nyumbani, mguu mmoja kashauvusha kizingiti, mara mmoja wenu: "Shikamoo babu! Mpira jana umeuona?" Alipotaka kujibu, mguu wa pili ukaganda. Mwengine akaja mbio kumvuta mkono. Kidogo tu aanguke.

Nyinyi mnakwenda bila ya kufikiri. Ndani kabisa ya ubongo kuna sehemu zinazoendesha mwendo uliozoeleka, nazo zahitaji dopamini, kemikali inayopitisha ujumbe ubongoni. Seli zinazoitengeneza ndizo zinazokufa kwa maradhi haya. Basi sehemu ya mbele, nyuma ya paji la uso, ile ya kupanga mambo na kuelekeza mawazo, hubebeshwa pia kazi ya miguu. Kaka yangu kila hatua anaifikiria kama mtu anayehesabu fedha za amana. Ukimuuliza mpira, hesabu imempotea. Na mgonjwa ambaye hata huo uwezo wa kufikiri umeanza kupungua, huyo ndiye wa kuogopewa zaidi kuanguka.

Miguu huganda zaidi mlangoni, kwenye kona na pahala pembamba. Mji wetu huu una nini kingine?

Salamu zenu hatuzikatai. Mngojeni akae, kisha muamkieni mpaka mchoke. Akiganda, msimvute wala msimsukume. Nyamazeni, avute pumzi, halafu mmoja tu amhesabie: moja, mbili, moja, mbili. Mie nimemchorea mistari ya chaki ukumbini, anaivuka mmoja mmoja utadhani siye yeye. Mstari na mdundo humpa kitu cha kukifuata, miguu ikapata pa kushika. Mnakumbuka siku ile muuza kahawa alipopita akigonganisha vikombe vyake, kaka akamwandama mpaka kule kwenye kona? Mkacheka kuwa mzee ana hamu ya kahawa. Kahawa haijui kabisa. Alikuwa anakwenda na vile vikombe.

Na wewe mwenye vespa, ukimuona yuko njiani, zima, usipige honi. Subiri apite.